Sala isiwe ya kufunga mazungumzo: imani ndani ya ushauri wa kichungaji

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Mimi ni mwinjilisti wa kanisa dogo la Kianglikana huku Pemba. Nilisoma kozi fupi ya ushauri nasaha Bara, na huko tuliambiwa mshauri asichanganye dini na kazi. Lakini wanaonijia mimi hunijia kwa sababu ya dini. Mwezi uliopita alikuja mama mmoja aliyefiwa na mumewe, ana watoto watatu. Nilimsikiliza kidogo, nikamsomea Warumi 8:28, nikamwombea. Alishukuru, akafuta machozi, akaenda zake. Tangu siku hiyo ananikwepa. Hata kanisani hukaa nyuma na kutoka kabla ya watu kusalimiana. Nimekosea wapi? Na sala na Maandiko viingie vipi katika ushauri bila ya kuuharibu?

JIBU: Marahaba, Mwinjilisti. Ulichofundishwa Bara kina sababu yake. Mshauri wa hospitali au wa skuli hupokea watu wa dini zote na wasio na dini, hana ruhusa ya kuwatwisha ya kwake. Wewe hali yako ni nyengine: mtu aliyekutafuta kanisani, akijua wewe nani, amekwishaomba kwa miguu yake kwamba Mungu awemo katika mazungumzo. Ukimnyima hilo kwa kuogopa kozi utakuwa umempa nusu ya alichokijia. Kwa hiyo kosa si kuleta sala na aya. Kosa ni wakati uliovileta.

Tazama ulichofanya. Mama alikuja na maneno, nawe ukampa jibu kabla hajayamaliza. Warumi 8:28 ni aya ya kweli, ila Paulo hakuanzia hapo. Aya ya 22 inasema viumbe vyote vinaugua, ya 23 inasema na sisi tunaugua, ya 26 inasema Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Mtume alipita kwenye kuugua mara tatu ndipo akafika kwenye mema. Wewe ulimrusha mjane moja kwa moja hadi ya 28, naye huenda alisikia kwamba kifo cha mumewe kilikuwa chema.

Sala nayo ina kawaida yake kwetu. Kikao chochote cha kanisa, kiwe cha wazee, cha kwaya au cha harusi, hufungwa kwa sala. Ulipofumba macho mama alielewa kuwa muda umekwisha. Tena sala haijibiwi. Adabu inamtaka aseme "Amina" tu. Baada ya Amina ya mwinjilisti, nani atathubutu kusema, "Lakini mimi Mungu nimemkasirikia"? Rafiki za Ayubu walifanya vizuri siku saba mchana na usiku, walipokaa naye chini bila ya kusema neno (Ayubu 2:13). Walianza kuharibu walipofumbua midomo kumweleza sababu, na mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia wao, si Ayubu aliyelalamika.

Sasa utaratibu. Nitauandika kama unavyofaa kwa kanisa dogo la kisiwani, si kama ulivyo katika vitabu vya kliniki.

Kabla ya chochote, mahali. Ushirika wa Kikristo wa Pemba ni wa watu wachache wanaojuana, na wengi wao ni watumishi waliohamishiwa huko kikazi: askari, walimu, wauguzi. Anayekuja kulia kwako leo, siku ya Jumapili atakaa benchi moja na mkuu wake wa kazi. Kwa hiyo usimkalishe barazani mbele ya wapita njia, na usimfungie chumbani. Tafuta chumba chenye dirisha au mlango ulioachwa wazi kiasi, ambapo mtu mzima mwengine, mke wako au mzee wa kanisa, anawaona bila ya kuwasikia. Usikutane naye usiku, wala usimfanyie ushauri katika gari. Ujumbe wa sauti kwenye simu usiutumie kabisa kwa mambo ya ndani; simu nyingi nyumbani hushikwa na zaidi ya mtu mmoja.

Kikao kiwe cha dakika hamsini hadi saa moja, na mwambie hivyo mwanzoni. Mkikubaliana vikao vinne au sita, kimoja kwa wiki, atajua hana haja ya kumwaga yote siku ya kwanza. Kisha mwambie mpaka wa siri, kwa maneno mepesi: "Utakayoniambia hayatoki hapa. Ila ukiniambia unataka kujidhuru, au kuna mtu atadhuriwa, au mtoto anafanyiwa ubaya, hapo nitatafuta msaada, na nitakwambia kwanza." Wengi hurukaruka hapa kwa kuona haya. Usiruke, kwani ukiahidi siri isiyo na mpaka halafu ukalazimika kuivunja, umempoteza yeye na kila aliyekuwa akimtazama kuona kama wewe ni mtu wa kuaminika.

Omba ruhusa ya imani waziwazi, hata kwa mzee wa kanisa. "Mama, wengine hupenda tuanze kwa sala, wengine hupenda kuzungumza tu kwanza. Wewe vipi?" Akisema "vyovyote tu", hiyo si ruhusa; ni heshima. Zungumza kwanza.

Kikao cha kwanza chote, na mara nyingi cha pili, ni cha kusikiliza. Kusikiliza maana yake ni kurudisha ulichokisikia kwa maneno yako, kisha ungoje. Akisema, "Ningemzuia asiondoke asubuhi ile", usikimbilie "Usijilaumu, mama, ni mipango ya Mungu." Sema, "Unaona kama ungemzuia, angekuwa hai." Halafu nyamaza. Kimya cha nusu dakika kitakuchoma wewe kuliko kitakavyomchoma yeye, nacho ndicho kitakachomtoa neno lililo chini ya lile la kwanza.

Ukishasikia habari yenyewe, uliza juu ya imani yake, na uulize kama asiyejua. Maswali manne yanatosha: Katika haya yote, Mungu umemwonaje? Sala bado unaweza, au imekuwa ngumu? Kuna mtu yeyote kanisani anayekushika mkono? Na ungependa mimi nikusaidie vipi katika upande huu? La mwisho limo katika Injili. Bartimayo alikuwa kipofu, kila mtu anamwona, hata hivyo Yesu alimuuliza: "Wataka nikufanyie nini?" (Marko 10:51).

Majibu ya maswali hayo ndiyo yatakayokuonyesha uchukue zana gani, kwa sababu imani ya mtu aliyeumia huweza kumbeba au kumwelemea. Mtafiti wa Kimarekani Kenneth Pargament amefanya kazi nyingi juu ya hili, na tofauti aliyoionyesha ina faida kubwa kwa mchungaji. Wapo wanaomtegemea Mungu kama mwenzi wa safari, na hao husaidiwa na sala na ushirika. Wapo wanaoona kwamba Mungu anawaadhibu, amewaacha, au kanisa limewatupa, na hao huzidi kuumia wakilazimishwa kusali kana kwamba hakuna kitu. Mtu wa kundi la pili ukimpa zaburi ya sifa umemwongezea mzigo. Huyo anahitaji zaburi ya malalamiko.

Hapo ndipo Biblia ilipo tajiri kuliko mahubiri yetu. Karibu theluthi ya Zaburi ni malalamiko, na sisi huzisoma kwa nadra. Zaburi ya 13 ina aya sita tu na hufaa sana kwa kuanzia. Aya ya 1 na 2 zinauliza "hata lini" mara nne. Ya 3 na 4 zinaomba. Ya 5 na 6 zinategemea. Msomee polepole, kisha mpe karatasi iliyokunjwa sehemu tatu, au kama hasomi, mwambie aseme nawe uandike. Sehemu ya kwanza aandike "hata lini" zake mwenyewe. Mjane anaweza kuandika: hata lini nitadanganya watoto kuwa baba yuko safarini; hata lini ndugu za mume watanidai pikipiki. Usisahihishe wala usifanye yawe ya kidini. Sehemu ya pili aandike anachokitaka, hata kama ni usingizi wa usiku mmoja. Sehemu ya tatu iache tupu mpaka yeye mwenyewe apate la kuandika, ichukue wiki moja au miezi mitatu. Washauri wengi hukosea hapa: humsukuma afike aya ya 5 kabla ya kikao kwisha, ili waende nyumbani na moyo mweupe. Akikuuliza kama ni dhambi kuishia kwenye malalamiko, mfungulie Zaburi ya 88, inayomalizikia gizani na bado imo katika Biblia.

Sala. Ikiwa ameitaka, ije kuelekea mwisho, na baada yake ibakize dakika kumi. Hizo dakika kumi ndizo dawa ya kosa lako. Mkisema Amina, fumbua macho, ngoja, kisha uliza: "Katika sala hii, kuna neno lililokugusa au lililokukera?" Sala ikifuatwa na swali haifungi kitu. Kabla ya kuomba muulize, "Nikuombee nini hasa?" na uombe hicho, kwa maneno yake. Linganisha mbili hizi. Ya kwanza: "Bwana, tunajua umemchukua mja wako kwa makusudi mema, mtie mama huyu nguvu asilie tena, apate kuwa mfano kwa wajane wengine." Ni mahubiri yaliyofumbiwa macho, imemkataza kulia na imempa kazi ya kuwa mfano. Ya pili: "Bwana, mama huyu halali. Anauliza kama angemzuia mumewe. Anaogopa ada ya skuli ya Januari. Hajui akuombe nini. Sikia asichoweza kusema. Mpe usingizi leo." Fupi, haina maelezo, na kila neno lilitoka kwake. Akitaka kuomba yeye, mwache, hata kama ni sentensi moja iliyokatika katikati.

Kuwekea mikono: omba ruhusa kila mara, mkono kichwani au begani tu, na kwa mwanamke ni bora awepo mama mwengine wa kanisa. Mafuta kwa mgonjwa (Yakobo 5:14) ni kazi ya padri, mwite, usijifanyie.

Msamaha ndio unaoharibiwa zaidi ya yote, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Mambo matatu huchanganywa. Kusamehe ni kuacha kudai kisasi, na mtu anaweza kufanya hivyo peke yake, hata kwa aliyekufa. Kupatana kunahitaji watu wawili, na yule mkosaji awe amebadilika. Kurudi nyumbani ni uamuzi wa tatu, nao hutegemea usalama. Mke anayepigwa ukimwambia "samehe saba mara sabini" naye akaelewa "rudi usiku huu", umemrudisha kwenye kipigo kwa jina la Injili. Usiulize habari ya msamaha katika kikao cha kwanza. Aanze kwa kutaja deni: nini hasa kimefanywa, kimempunguzia nini. Mfalme wa Mathayo 18 alihesabu talanta elfu kumi kwanza ndipo akasamehe. Huwezi kufuta deni usilolijua. Na mume akija kukuomba uwapatanishe, usiwakalishe pamoja mpaka umezungumza na mke peke yake na kumuuliza kama anamwogopa. Akisema ndiyo, usuluhishi haupo tena. Mwelekeze kwenye msaada: kuna vituo vya Mkono kwa Mkono hospitalini, vinavyowahudumia waliofanyiwa ukatili, na dawati la jinsia polisi.

Kuungama nako kusichanganywe na ushauri. Anglikana ya Zanzibar ililelewa na UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, yenye desturi ya kukazia sakramenti, kwa hiyo kitubio mbele ya padri si kigeni kwenu. Siri ya kitubio haina mpaka. Siri ya ushauri ina mpaka niliokutajia. Mtu akianza kusema, "Nataka kutubu jambo", msimamishe kwa upole na umuulize: anataka ushauri au anataka kitubio? Akitaka kitubio, umwelekeze kwa padri, maana wewe mwinjilisti huna mamlaka ya kuondolea watu dhambi. Na ushauri wako usiugeuze kuwa kitubio kwa kumwambia mwishoni "umesamehewa" kana kwamba jambo limekwisha.

Jambo la afya. Kabla ya kikao cha pili hakikisha umemuuliza: unalala? Unakula? Moyo umekuwa mzito karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi? Yapo mambo uliyokuwa ukiyapenda na sasa hayakupi raha? Na hili la mwisho liulize kwa jina lake: "Umewahi kufikiria kujiua?" Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo, humpa ruhusa ya kulitua. Akisema ndiyo, uliza kama anajua namna na kama kifaa kipo nyumbani. Akiwa na mpango, usimwache peke yake, mtoe alipo, aende hospitali siku hiyohiyo pamoja na ndugu anayemwamini. Kule Pemba anzia hospitali ya Wete au Chake Chake na uulizie huduma ya afya ya akili. Unguja ipo Hospitali ya Kidongo Chekundu. Hapo sala yako ni ya njiani, mkiwa mnakwenda.

Jambo la mtoto nalo lina sheria. Zanzibar tunayo Sheria ya Mtoto namba 6 ya mwaka 2011. Mtoto akifanyiwa ukatili halimalizwi kwa kukutanisha familia mbili, hata mzee wa kanisa akisihi. Simu ya Mtoto ni 116.

Na mtu aliyepewa dawa usimwachishe dawa kwa ajili ya maombi. Dawa za sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyokwisha, huchukua wiki mbili hadi nne kabla ya kuonyesha nafuu, na watu wengi huziacha wiki ya kwanza wakisema hazifanyi kazi. Ukiongeza "imani yako itakuponya" umemaliza kumvunja. Dawa ya kifafa ikiachwa ghafla huweza kuleta degedege lisilokatika, na linaua. Kufunga nako: mwenye kisukari, mjamzito, au anayetumia dawa zinazotaka chakula, mwambie afunge kitu chengine. Tazama Eliya chini ya mretemu, alipoomba afe (1 Wafalme 19). Malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Mazungumzo na Mungu yalikuja baadaye, mlimani Horebu.

Utakutana pia na aliyekwisha kupita kwa mganga, au anayesema ana shetani wa ukoo. Hili huku kwetu si ajabu, na Wakristo hawamo nje yake. Ukimkemea atakuficha. Muulize aliambiwa nini huko, alilipa nini, kilichompa nafuu ni kipi na kilichomzidishia ni kipi. Kisha hospitali kwanza, hasa kama anaanguka, anapoteza fahamu, au anasikia sauti. Sala ya kuondoa hofu unaweza kuiomba bila ya kupiga makelele na bila ya kumshika kwa nguvu, na bila ya kutangaza kwa jamaa kwamba "amepagawa", neno ambalo kisiwani hatalivua tena.

Na Waislamu watakuja. Jirani, mkwe wa ndoa ya mchanganyiko wa dini, mama aliyeambiwa kuwa wewe ni msikivu. Mpokee kama yeyote, umuulize imani yake inamsaidiaje katika jambo hili, na ukitaka kumwombea useme wazi kuwa utaomba kwa njia ya Kikristo, naye ana haki ya kukataa. Jambo la ndoa yake au mirathi linakwenda kwa kadhi na kwa sheikh wake. Kutumia saa ya machozi kumvuta mtu abadili dini ni kuvunja amana, na katika mtaa wenye msikiti kila kona itakuwa pia mwisho wa kuaminiwa kwako. Nalisema kwa ukali kwa sababu wapo wanaoita jambo hilo bidii ya uinjilisti.

Weka kumbukumbu fupi: tarehe, herufi moja badala ya jina, jambo lenyewe kwa mistari mitatu, mliyokubaliana. Daftari likae ndani ya kufuli, si katika mkoba wa Biblia unaoachwa kanisani. Na mara moja kwa mwezi mweleze padri wako unavyokwenda, bila ya majina. Kwa ushirika mdogo kama wenu badilisha hata idadi ya watoto, au atamjua mara moja.

Kuhusu yule mama. Usimsubiri mlangoni baada ya ibada, na usimpigie simu kumuuliza kwa nini haji. Nenda nyumbani kwake mchana pamoja na mama mmoja wa kanisa anayemkubali, mkae ukumbini kama wageni wa kawaida, msalimie watoto. Halafu sema: "Siku ile nilikuombea kabla hujamaliza kusema. Nimekuja kukwambia kuwa kama bado una la kusema nitasikiliza, na sitasoma wala kuomba mpaka uniambie." Kisha zungumzieni mengine. Akinyamaza, kunyweni chai mwende zenu. Kama arobaini ya mumewe bado haijapita, pelekeni unga na mafuta ya kupikia siku hiyo. Kama imepita, pelekeni vilevile, kwani baada ya arobaini ndipo wageni humalizika. Na kama hataki wewe, mpe jina la mtu mwengine, mama mchungaji au muuguzi mwenye mafunzo, ili ajue mlango si mmoja.